Kwa nini Kadutu iko kule juu: historia na jiografia ya Bukavu kwa kuangalia udongo wake



Wengi wetu tuliozaliwa hapa, wakituuliza ju ya Bukavu tunatoa jibu moja: mji wa peninsula, mkono wa kijani ulioingiza vidole mu ziwa. Ni kweli, na ku picha inapendeza. Lakini uliza kwa nini Kadutu iko kule juu na Ibanda huku chini, kwa nini Bagira ina avenyu zilizonyooka na Cimpunda haina, ao kwa nini nyumba za Funu zinapasuka hata kama fundi alikuwa mzuri. Hapo majibu yanakuwa mafupi sana. "Ni mvula." "Ni Mungu." "Ni vile tu."

Jibu lenyewe ni refu kidogo, na linaanza mbele ya mtu yeyote kufika hapa. Naliandika ju kila wiki tunaona tangazo la parseli "bei ya haraka, mwenyewe anasafiri", na najua wengi kati yetu njo wanakusanya franga za parseli ya kwanza. Mimi ni mtu wa agronomia, siko mhandisi. Nitasema ya udongo na ya historia, hesabu za beto nawaachia wenye kazi yao.

Tuanze na ziwa. Kivu liko karibu mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na mahali penye kina kirefu linashuka karibu mita 480. Zamani sana maji ya bonde hili hayakuwa yanakuja upande wetu. Yalikuwa yanaelekea kaskazini, upande wa Ziwa Edouard, na kutoka pale mpaka mto Nili. Kisha volkeno za Virunga zikasimama katikati ya njia, zikaifunga. Maji yakakosa pa kutokea. Yakapanda pole pole, yakajaza mabonde, yakazunguka vilima, mpaka yakapata mlango upande wa kusini. Ule mlango njo Ruzizi. Tangu wakati ule maji ya Kivu yanashuka mpaka Ziwa Tanganyika, lenye kuwa karibu mita 770, halafu kwa mto Lukuga yanaingia mu mto Congo mpaka bahari ya Atlantiki. Volkeno iliyasukuma maji kutoka Mediterania na kuyapeleka Atlantiki, na mlango wa njia mpya ukafunguka hapa kwetu.

Njo maana tuna peninsula. Muhumba, Nyofu, La Botte, Nguba na zingine ni migongo ya vilima vya zamani. Ghuba zilizo kati yake ni mabonde yaliyozama. Ukiwa ndani ya mtumbwi kati ya peninsula mbili, chini yako kuna bonde kama lile unalopita ukienda Kabare, tofauti ni kwamba lile limefunikwa na maji.

Na ju Ruzizi inashuka karibu mita 700 mbele ya kufika Tanganyika, ina nguvu. Barrage ya Ruzizi I ilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1950, pale pale mto unapotoka mu ziwa, na Ruzizi II ikafuata mwaka 1989 kwa ajili ya Congo, Rwanda na Burundi. Umeme ukikatika leo mangaribi, sababu haiko kwamba mto umekosa nguvu.

Sasa udongo, na hapa njo nataka tukae kidogo.

Goma na Bukavu zote mbili zimejengwa ju ya lava, lakini lava hizo hazilingane umri. Lava ya Goma ni ya juzi. Ya Nyiragongo ya 2002 na ya 2021 wengi wetu tuliiona ku televizyo, ni jiwe jeusi linalokata viatu. Lava ya Bukavu ina mamilioni ya miaka. Mvua, joto na mizizi vimeila kwa muda huo wote mpaka jiwe limeoza, limekuwa udongo mwekundu mzito wa mfinyanzi, na mahali pengi unashuka mita nyingi mbele ya kukuta jiwe gumu. Mtu wa Goma akichimba fondasyo anapigana na jiwe. Mtu wa Bukavu anachimba kwa urahisi, jembe linaingia vizuri, anafurahi. Ule urahisi njo unapaswa kumpa wasiwasi.

Udongo wa mfinyanzi una tabia mbili. Ukikauka, unapasuka. Ukishiba maji, unakuwa mzito na unateleza. Weka udongo wa namna hiyo ku mteremko mkali, uupe mvua ya karibu milimita 1,300 hadi 1,500 kwa mwaka, karibu yote kati ya Septemba na Mei, na ongeza kwamba bonde hili lote ni ufa wa dunia unaotikisika kila mara. Tetemeko la tarehe 3 Februari 2008 lilikuwa la kipimo cha 5.9, na wengi wetu tungali tunalikumbuka. Hapo una mlima ambao haujatulia hata mbele ya mtu kujenga nyumba ya kwanza.

Lakini ni udongo uleule uliofanya Bushi iwe Bushi. Udongo wa lava unalisha. Njo maana vilima hivi vilijaa watu tangu zamani: ndizi karibu na nyumba, maharagi chini ya ndizi, mtama, na majani ya ng'ombe kule juu. Wazee wanaeleza kwamba hata jina Bukavu linatoka ku mashi, bunkafu, yaani mahali pa ng'ombe. Ardhi ilikuwa chini ya mwami, na mtu aliipata kwa kalinzi, mapatano ya kudumu ambayo mara nyingi yalilipwa kwa ng'ombe na ambayo watoto waliyarithi, ao kwa bwasa, kulima kwa muda kisha kurudisha. Hakuna aliyekuwa na haki ya kukaa bila mtu anayemjibu. Na miteremko mikali mara nyingi iliachiwa majani na ng'ombe. Ule haukuwa uvivu. Ng'ombe akiteleza anasimama tena, nyumba haisimame.

Wazungu walifika kuchelewa. Mjerumani von Götzen aliliona Ziwa Kivu mwaka 1894. Kisha Wajerumani wa upande wa mashariki na watu wa Leopold wa upande wa magharibi wakaanza kugombea nani mwenye Kivu, mpaka mwaka 1910 walipokaa Bruxelles pamoja na Waingereza na kuchora mpaka: ziwa likagawanywa, kisiwa cha Idjwi kikaja upande wetu, Ruzizi ikawa mstari. Kituo cha Bukavu kilikuwa kimekwisha kuwekwa karibu 1901, wakati wa ule ugomvi. Kumbuka jambo hili: mji wetu ulizaliwa kama kituo cha kuchunga mpaka. Haukuzaliwa kama soko, wala kama mji wa mwami. Aliyechagua mahali alikuwa anaangalia upande wa pili wa maji.

Mwaka 1927 walikipa kituo jina la Costermansville, kwa ajili ya Paul Costermans, makamu wa gavana mkuu, ambaye alikuwa amekufa tangu 1905. Mwaka uliofuata, 1928, ikaundwa Comité National du Kivu, iliyopewa ardhi kubwa sana ili iwagawie makoloni wazungu. Sheria ilisema "ardhi tupu" ni ya serikali. Shida ni kwamba machoni pa mtu wa Bruxelles, majani ya ng'ombe ni ardhi tupu, na shamba lililopumzishwa miaka mitatu pia ni ardhi tupu. Kwa njia hiyo mashamba makubwa ya kahawa, chai na kinakina yakaenea Kabare, Kalehe, Walungu. Sisi tuliosoma agronomia tulipelekwa Mulungu kuona kituo cha utafiti, INERA ya leo, INEAC ya zamani. Tulionyeshwa miti na maabara. Hakuna aliyetueleza kwamba utafiti ule ulianzishwa kwanza ju ya mazao ya wale makoloni, wakati maharagi ya bamama zetu yalingoja. Nasema tu, siko na kinyongo na Mulungu. Maharagi yalikuja baadaye, na vizuri.

Mwaka 1933 Costermansville ikawa makao ya provinsi yenye jina lilelile, provinsi ambayo mwaka 1947 iliitwa Kivu. Na mji ukawapendeza wazungu. Mita 1,500 juu, joto la karibu digrii 20, ziwa lisilo na mamba wala kiboko. Wakajenga nyumba zile za kona za mviringo tunazoziona mpaka leo kandokando ya avenyu Patrice Emery Lumumba, na vila ku peninsula zenye bustani mpaka ku maji.

Na wafanyakazi, waliikala wapi? Hapa njo kuna jibu la swali la Kadutu.

Katika miji ya Congo ya Wabelgiji mweusi na mzungu hawakuikala pamoja. Dekre ya mwaka 1931 iliweka utaratibu wa "centre extra-coutumier", yaani mahali pa Waafrika waliotoka chini ya mamlaka ya mwami na wakawa chini ya mamlaka ya mkoloni. Ili kuikala pale ulihitaji ruhusa, na kutembea usiku mu kartye ya wazungu ilikuwa kosa. Huku kwetu peninsula na ukingo wa ziwa vikawa vya wazungu, na kituo cha Waafrika kikawekwa nyuma, ku mteremko: Kadutu. Haikuwa ju Washi ao Warega walipenda mteremko. Waliwekwa pale. Nafasi nzuri ilikuwa imekwisha chukuliwa, na mteremko ulikuwa karibu vya kutosha ili boyi afike kazini saa kumi na mbili asubuhi kwa miguu.

Bagira ilikuja baadaye, miaka ya 1950, wakati mkoloni aliona Kadutu imejaa na akaanza kujenga nyumba za mpango kwa ajili ya wafanyakazi. Njo maana Bagira ina avenyu zilizopimwa, nyumba zinazofanana, nafasi ya shule, nafasi ya soko. Ilichorwa kwanza, watu wakaingia kisha. Kadutu watu waliingia, na mchoro ukajaribu kuwafuata. Mpaka leo haujawafikia.

Mwanzoni mwa miaka hiyohiyo ya 1950 jina la Costermans liliondolewa na mji ukawa Bukavu. Kwa hiyo jina letu lilirudi hata mbele ya uhuru, jambo ambalo wengi hawalijue. Wanafikiri ni Mobutu.

Ya vita nitapita haraka, kila familia ina kitabu chake. 1964 Wasimba walifika mpaka mjini, jeshi la Mulamba likawarudisha, na njo jina la Place Mulamba. 1967 mamluki wa Jean Schramme walishika mji tangu Agosti mpaka Novemba. 1994 wakimbizi wa Rwanda walivuka Ruzizi. Oktoba 1996 AFDL iliingia, na Askofu Mkuu Munzihirwa aliuawa. 1998 RCD. 2004 Mutebutsi na Nkunda. Februari 2025 mji ulibadilisha mikono tena. Kwa habari ya udongo, kitu kimoja tu nataka kukamata katika orodha hii: kila mara ilipoharibika kule Walungu, Kabare, Kalehe, Shabunda, Mwenga, watu walikimbilia mjini. Na walipofika, peninsula hazikuwa na nafasi wala hawakuwa na bei yake. Walipanda mteremko. Panzi ilikuwa ukingo wa mji, leo ni mji. Cimpunda, Nyamugo, Nkafu, Funu, kila mahali palipobaki na majani pakawa manjanja. Mji uliochorwa kwa ajili ya makoloni na wafanyakazi wao leo unakadiriwa kuwa na watu zaidi ya milioni moja.

Sasa Funu. Funu iko komini ya Kadutu, na sehemu kubwa ya kartye hiyo imekaa ju ya mporomoko mmoja mkubwa, wenye zaidi ya kilometa moja ya mraba, ambao ulikuwa pale mbele ya nyumba. Si mporomoko wa siku moja, kama ule unaoanguka usiku na kuua watu. Huu unatembea pole pole, mahali pengine sentimita chache kwa mwaka, mahali pengine hata mita. Watafiti wa Congo na wa Ubelgiji walilinganisha picha zilizopigwa kutoka ndege tangu 1947 na zile za satelaiti za miaka yetu. Walichoona ni kwamba mlima uliongeza mwendo kadiri nyumba zilivyoongezeka. Mvua haikubadilika sana, matetemeko hayakuongezeka. Kilichobadilika ni njia ya maji.

Tupige hesabu ndogo. Chukua nyumba ya mita 8 kwa 10. Paa ni mita za mraba 80. Ikinyesha mvua moja ya milimita 40, na hiyo kwetu ni mvua ya kawaida ya Aprili, paa hilo linapokea lita 3,200. Ni mapipa 16 ya lita 200, kwa mvua moja, kwa nyumba moja. Zamani zile lita zilianguka ku majani na kuingia mu udongo pole pole, kila mahali kidogo. Leo manjanja yanazikusanya zote na kuzitupa ku mstari mmoja nyuma ya nyumba, kwa jirani wa chini. Weka nyumba 60 ku hektari moja: lita 192,000. Ongeza maji ya kufua, vyoo vya shimo, na mabomba yanayovuja chini ya ardhi miezi mingi bila mtu kuja. Sehemu ya maji haya inakata mifereji mikubwa, tunaiona. Sehemu nyingine inaingia ndani kwa nyufa, inafika mahali udongo uliooza unakutana na jiwe, na pale inafanya kazi ya mafuta. Hiyo hatuione.

Kwa hiyo ile maneno ya "tupande miti", ninaipenda ju ni kazi yangu, lakini inapaswa isemwe na mipaka yake. Vetiver ina mizizi inayoshuka mita mbili, tatu. Setaria, tripsakum, mianzi, zote zinakamata udongo wa juu, zinazuia korongo lisipanuke, na kwa hiyo kazi hakuna dawa ya bei nafuu kuzishinda. Lakini mporomoko kama wa Funu unateleza kwa kina cha mita makumi. Pale mti unasafiri pamoja na mlima, umesimama vizuri kabisa, majani yake mabichi. Mashirika yanayopiga picha na miche Funu na kuondoka yanatibu ngozi ya mtu mwenye maumivu ya mfupa. Kitu kinachoweza kupunguza mwendo pale ni kushughulikia maji: gutiere ku kila paa, tanki, mifereji ya pamoja inayofika mpaka chini, si mpaka kwa jirani, na Regideso kufunga mabomba yanayovuja. Hata hivyo mahali pengine jibu ni kutojenga, basi, na hakuna mwanasiasa atakayelitamka wakati wa kura.

Karatasi hazitakuambia haya. Namjua mtu aliyeuziwa parseli iliyokuwa njia ya maji. Fishi ya parseli alikuwa nayo, stempu zote zilikuwepo, wapimaji walikuja na kupima. Walipima urefu na upana. Kina hakina mstari ku fishi.

Ukienda kuangalia parseli, angalia miti ya zamani kwanza. Mkaratusi ambao shina lake limepinda chini kama goti kisha likanyooka juu unakuambia kwamba udongo ulisogea wakati mti ulikuwa unakua. Angalia nyumba za majirani: nyufa za mshazari zilizozibwa kwa simenti kisha zikafunguka tena mahali palepale, milango iliyokatwa chini ili ifungike. Angalia ngazi ndogo ndogo ku mteremko, na mahali pa tambarare pasipotarajiwa katikati ya mlima, pale wauzaji wanaposema "hapa ni plat, hauna kazi ya kusawazisha". Mara nyingi ni mgongo wa mporomoko wa zamani. Angalia kama chini ya parseli kuna chemchemi ao udongo unaobaki mbichi mu Julai. Na umtafute mama mzee wa avenyu ile, hata kama muuzaji anataka mwongee naye peke yake. Umwulize nyumba yake ameijenga mara ngapi.

Chagua pia wakati. Wauzaji wanapenda kuonyesha parseli kati ya Juni na Agosti, wakati njia ni kavu, udongo mgumu kama tofali na ziwa linang'aa kule chini. Mwambie utarudi ku Aprili, siku moja baada ya mvua kubwa, saa moja asubuhi, na uvae bote.